Mali kauli iliyogeuzwa: mama wa achari anapomkopesha supamaketi

Mali kauli tunaijua sote. Tajiri wa Darajani, hapa mjini Unguja, anamkabidhi kijana katoni ya sabuni bila kupokea hata senti, kijana anazunguka nayo Kwamtipura na Amani, Ijumaa analeta hesabu. Karatasi hakuna, kuna kauli tu. Kijana akikwama tajiri hununa, lakini husubiri, maana katoni moja haimwangushi. Mtindo huo umedumu miaka na miaka kwa sababu mwenye mtaji ndiye anayemkopesha asiyekuwa nao, na hasara ikitokea hubebwa na bega linaloiweza.

Mwaka wa nne huu namwekea hesabu shangazi yangu, anayetengeneza achari Wete, Pemba, pamoja na kina mama wenzake sita. Katika daftari lake nimeiona mali kauli hiyo hiyo imegeuzwa juu chini. Anayetoa mzigo bila kulipwa ni mama wa Pemba mwenye mapipa matano ya embe. Anayepokea, akauza kwa pesa taslimu, kisha akalipa baada ya miezi miwili au mitatu, ni supamaketi yenye viyoyozi, kamera na mashine nne za kulipia.

Kila semina ya wajasiriamali niliyohudhuria imezungumzia namna ya kuingia supamaketi: lebo nzuri, msimbopau (ile mistari inayosomwa na mashine ya kulipia), alama ya ubora. Ni mambo ya kweli na nitayafikia. Ila sijakaa katika semina hata moja iliyopiga hesabu ya yanayomkuta mtu akishaingia, na hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Achari ya embe huanza Disemba. Embe zinatakiwa mbichi na ngumu. Huoshwa, hukatwa vipande, hutiwa chumvi na kuanikwa juani mpaka vipande vinyauke na kujikunja pembeni. Ikishuka mvua ya ghafla kila aliyepo nyumbani, hata mgeni, hukimbilia majamvi. Vikishakauka huingia mapipani pamoja na siki, thomu, tangawizi, pilipili ya kusaga, bizari na mafuta, vikakaa humo vikiiva polepole. Kazi yote hiyo ni ya wiki sita au saba, maana embe haimsubiri mtu. Miezi inayobaki ni ya kutia chupani na kuuza. Kwa hivyo pesa ya kikundi hutoka yote kwa mpigo Disemba na Januari, na hurudi chupa baada ya chupa mpaka msimu mwengine. Nawaomba wasomaji walishike hilo, kwa sababu ndilo linaloifanya kila siku ya kucheleweshewa malipo iwe nzito kwa hawa kuliko ilivyo kwa mtu anayenunua leo na kuuza kesho.

Kuuza kwa majirani, kwa wauza urojo na kwa maduka ya Wete na Chake hakukuwa na tabu. Mwenye duka anachukua chupa 12, analipa pale pale au wiki ijayo ukipita. Chupa zenyewe zilikuwa za mayonezi na za kahawa, zilizookotezwa, zikaoshwa na kuchemshwa.

Mara ya kwanza tulikwenda pamoja katika supamaketi moja hapa mjini, shangazi amevaa buibui lake la safari, mimi nimebeba kikapu chenye chupa sita. Tukaelekezwa mlango wa nyuma, wanakopokelea mzigo. Mnunuzi wa duka, kijana mwenye adabu zake, alimwamkia shikamoo, akachukua chupa moja, akaigeuza kutazama kitako, akafungua kifuniko na kukinusa kwa ndani.

"Achari nzuri, bi mkubwa," akasema. "Lakini kifuniko hiki kinanuka kahawa."

Shangazi akakichukua, akakinusa na yeye. "Kweli," akasema. Alikuwa amekichemsha mara tatu.

Tukarudi na kikapu chetu. Tulihitaji mwaka mzima kabla hatujasimama tena kwenye mlango ule, na mwaka huo haukupotea. Jiko la nyumbani halikubaliki kwa chakula cha kuuzwa madukani. Kinatakiwa chumba cha peke yake chenye kuta na sakafu zinazooshwa, dari, nyavu za madirisha na maji yanayotiririka, na wanaoshika chakula wawe wamepimwa afya. Kina mama walikijenga chumba hicho kwa pesa za upatu wao. Wakasajili kikundi BPRA, wakala wa usajili wa biashara, wakachukua namba ya mlipakodi, wakaenda ZFDA kwa ajili ya usalama wa chakula, kisha ZBS kwa ajili ya alama ya ubora. Taasisi hizo mbili za mwisho si za zamani: ZFDA imetokana na sheria ya mwaka 2006, na ZBS na sheria ya mwaka 2011. Kabla ya hapo achari ilipimwa kwa ulimi.

Wengi huona vipimo vya maabara ni usumbufu wa serikali. Hata mimi nilikuwa hivyo, mpaka nilipoelezwa habari ya asidi. Kuna vimelea vinavyotoa sumu kali ya botulini, na hupenda kustawi mahali pasipo hewa, kama ndani ya chupa iliyofungwa barabara. Chakula kikiwa na asidi ya kutosha, yaani pH yake, kipimo ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, haizidi 4.6, vimelea hivyo haviwezi kukua. Siki na ndimu ndizo walinzi wa achari. Mama anayepunguza siki kwa sababu wageni wa hotelini hawapendi ukali anacheza na roho za watu pasi na kujua. Kipimo hicho kinastahiki kila shilingi iliyolipwa, na simuungi mkono anayetaka wazalishaji wadogo wasamehewe.

Msimbopau nao una mambo yake. Namba hizo za tarakimu 13 hutolewa na GS1 Tanzania na huanza na 620. Kabla ya ofisi hiyo kuanzishwa mwaka 2011, bidhaa zetu zilizohitaji msimbo zilikuwa zikitumia namba za nje, kama 616 ya Kenya. Mpaka leo wapo wanaoazima namba ya mtu mwengine ili wasilipe ada. Mashine inalia, mnunuzi anaondoka na achari, lakini kompyuta ya duka imeandika asali ya fulani, na siku ya hesabu huyo fulani ndiye anayeonekana ameuza. Ugomvi wa namna hiyo nimeuona, na ulivunja kikundi.

Kilichotuumiza kuliko yote hayo ni chupa. Chupa mpya za kioo hutoka Dar es Salaam au huagizwa nje, na muuzaji wa jumla anataka uchukue kwa maelfu. Ukitaka 300 unakwenda kwa mtu wa kati, naye anakuuzia kwa bei yake. Ifuateni safari ya chupa moja: inavuka bahari tupu kutoka Dar kuja Unguja, inavuka tena tupu kutoka bandari yetu ya Malindi kwenda Mkoani, Pemba, inapanda gari mpaka Wete, inajazwa, kisha inarudi njia ile ile imejaa ili iuzwe mjini. Mara tatu baharini kabla haijakaa kwenye rafu. Kila mara kuna nauli ya mzigo, kuna wachukuzi wa bandarini, na kuna zinazovunjika. Embe za Pemba, pilipili za Pemba, mikono ya Pemba. Na bado kitu ghali kuliko vyote ndani ya chupa ni chupa yenyewe. Vikundi 20 vya achari, asali na siki vikiagiza pamoja, bei ingeshuka, na kazi ya kuvikusanya ingewafaa sana SMIDA, wakala tulioundiwa kwa ajili ya viwanda vidogo. Mafunzo ya kuchora lebo tumeshapata ya kutosha. Tupatiwe ghala la chupa Pemba.

Tuliporudi supamaketi tukiwa na vyeti na chupa mpya, tulipokewa vizuri. Oda ya kwanza, ile karatasi wenyewe wanayoiita LPO, ilikuwa ya chupa 120. Pamoja nayo ulikuja mkataba wa kurasa tatu kwa Kiingereza. Shangazi anasoma Kiswahili na Kiarabu, Kiingereza hajui. Nikamtafsiria kifungu baada ya kifungu, tumekaa kwenye kibaraza. Duka litalipa siku 60 baada ya kupokea ankara. Bidhaa isiyouzika, iliyoharibika au iliyokaribia tarehe itarudishwa kwa gharama ya mzalishaji. Katoni ya kwanza itatolewa bure kufungulia rafu. Duka likifanya ofa ya msimu, punguzo litakatwa kwenye malipo ya mzalishaji.

"Kwa hiyo wao wanatoa nini?" akaniuliza.

Nikamwambia wanatoa nafasi. Akanyamaza, halafu akasaini. Nafasi ina thamani kubwa katika visiwa ambavyo mwaka 2024 vilipokea wageni zaidi ya laki 7, wakati sisi wenyewe, kwa sensa ya 2022, hatujafika milioni 2 Unguja na Pemba pamoja.

Baada ya wiki saba niliitwa kuchukua marejesho. Chupa 37. Zilikuwa zimepangwa rafu ya chini kabisa, karibu na dirisha la kioo linaloangalia magharibi, jua la alasiri likizipiga kila siku. Rangi ya achari ilikuwa imefifia. Mafuta yalikuwa yamepanda mpaka chini ya kifuniko, yakateremka na kuingia kwenye lebo. Tarehe ya mwisho wa matumizi, tuliyoichapa kwa printa ya kawaida katika duka moja la steshenari Chake, ilikuwa imeyeyuka ikawa doa la buluu. Nimekaa na chupa zile sebuleni nikizitazama moja moja. Doa lile ni kosa letu. Wino ule haukufaa kwa chakula chenye mafuta, na tangu hapo tumebadilisha. Jua si letu. Rafu hatukuichagua sisi. Lakini katika karatasi ya marejesho sababu zote mbili ziliandikwa neno moja, "imeharibika", na chupa zote 37 zikakatwa kwenye pesa yetu.

Sasa hesabu. Nitatumia tarakimu za mfano zilizo karibu na hali halisi, ili kila mwenye kikundi aweke zake. Chukua chupa moja: chupa na kifuniko shilingi 1,200, embe, siki na viungo 900, mikono ya kina mama 600, lebo 250, nauli 150. Jumla 3,100. Duka linaichukua kwa 4,000 na kuiuza kwa 6,000. Mzalishaji anaiona faida ya 900 kwa chupa na kufurahi.

Kwa chupa 10 faida ni 9,000. Ikirudi chupa moja kati ya hizo 10, anapokea 36,000 na gharama yake ni ile ile 31,000. Faida imebaki 5,000. Zikirudi mbili, faida ni 1,000. Zikirudi tatu, ameshalipa 3,000 kutoka mfukoni kwake ili achari yake ikae dukani kwa mtu. Sisi tulirudishiwa 37 katika 120, zaidi ya tatu kwa kila kumi. Na bado sijaihesabu katoni ya bure.

Ukija kwenye muda, mambo ni mazito zaidi. Kikundi kinapeleka chupa 100 kila wiki, malipo ni siku 60, na tuseme duka linalipa siku ile ile iliyoandikwa, jambo ambalo katika daftari langu limetokea mara moja. Mpaka malipo ya kwanza yaingie, mama ameshatoa mizigo tisa: chupa 900. Gharama aliyokwishaitoa mfukoni ni shilingi 2,790,000, na deni analolidai ni 3,600,000. Pesa hiyo hairudi ikapumzika. Kila malipo yakiingia, mzigo mwengine unatoka. Maadamu anaendelea kuuza, karibu milioni 3 zake zitakuwa ndani ya duka la mwenziwe siku zote. Benki hazikopeshi bure kiasi hicho. Yeye anakopesha bila riba, bila dhamana, na bila kujua kwamba anakopesha.

Na fedha za kukopesha anazitoa wapi? Kwenye upatu. Kwenye pesa za skuli za watoto. Wengine kwenye mikopo midogo ya riba ya kila mwezi, ambapo riba inahesabiwa huku duka likihesabu siku zake. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga, nami nimeiona harusi ile kwenye mlango wa kupokelea mzigo, vicheko na karatasi ya oda, na matanga yake kwenye dirisha la uhasibu, ambako mhasibu huwa ametoka na saini ya bosi huwa inasubiriwa.

Supamaketi kubwa zina historia katika ukanda wetu, na waliolipia historia hiyo ni wauzaji wao. Supamaketi ya Uchumi, ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015, ikaacha nyuma madai ya watu waliokwishapeleka mali. Nakumatt, nayo ya Kenya, ilichukua maduka ya Shoprite nchini Tanzania mwaka 2014, ikaonekana mkombozi. Miaka michache baadaye ilikuwa taabani kwa madeni ya mabilioni ya shilingi za Kenya, na mwaka 2020 wadai wake wakakubali ifilisiwe. Katika ufilisi, benki yenye dhamana hutangulia. Mwenye ankara ya maziwa au achari hukaa mwisho wa foleni, na foleni hiyo mara nyingi huishiwa kabla hajafikiwa. Nasema haya kwa sababu mwenye achari hufikiri hatari yake ni achari kuchacha. Hatari yake kubwa ni duka kuanguka likiwa na chupa zake 900.

Nimezungumza pia na upande wa pili, na ni haki waelezwe kwa maneno yao. Meneja mmoja aliniambia wazi kwamba kodi ya jengo ni kubwa, umeme wa majokofu ni mkubwa, jenereta linakula, na muuzaji wa nje hasubiri: kontena linataka pesa kabla halijatoka bandarini, na ushuru unalipwa kabla mzigo haujafika dukani. "Anayeweza kunisubiri ni huyu wa hapa," akasema. Nilimshukuru kwa ukweli wake, kwa sababu ndani ya sentensi hiyo kuna maelezo kamili. Duka linamlipa haraka yule anayeweza kuzuia mali yake, na linamcheleweshea yule asiyeweza. Fedha ya achari ya Wete ndiyo inayotoa kontena la mayonezi. Tunasema kila siku hoteli na maduka yetu yanunue vya hapa, halafu utaratibu wenyewe wa malipo unamfanya wa hapa awe mfadhili wa kile kinachotoka nje.

Mkulima wa karafuu ana malalamiko yake mengi kuhusu kulazimika kuuza ZSTC, shirika la biashara la serikali, peke yake, na mengine yana haki. Ila bei ameshaijua kabla hajapanda juu ya mti, na karafuu ikishapimwa haitarudishwa baada ya wiki saba ikiwa imefifia kwa jua la dirisha la mtu. Mzalishaji wa chakula aliyeambiwa kuwa soko huria ndilo litakalomkomboa hana hata hilo.

Kenya walichoka kabla yetu. Mwaka 2019 walirekebisha sheria yao ya ushindani na kuandika wazi kwamba mnunuzi mkubwa kuchelewesha malipo bila sababu ya haki, kinyume cha makubaliano, ni kutumia nguvu yake vibaya. Sheria hiyo haikubaki kabatini. Disemba 2023 mamlaka ya ushindani iliitoza Majid Al Futtaim, kampuni inayoendesha Carrefour nchini humo, faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 za Kenya kwa namna ilivyowatendea wauzaji wawili. Mmoja ni Pwani Oil, kampuni kubwa. Wa pili ni Woodlands, kampuni inayosindika asali. Kampuni iliupinga uamuzi huo, na hiyo ni haki yake. Kwangu mimi lililo zito ni kwamba mwenye asali alikuwa na mlango wa kubisha. Umoja wa Ulaya nao, mwaka huo huo wa 2019, ulipitisha agizo kuwa chakula kinachoharibika kilipwe ndani ya siku 30 na kingine ndani ya siku 60.

Sisi tunayo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Naiomba, kwa heshima, ifanye jambo hili kuwa lake. Siku 30 ziwe mwisho kwa mzalishaji mdogo wa Zanzibar. Marejesho yaandikwe sababu, na bidhaa iliyoharibiwa na jua la duka, joto la stoo ya duka au mkono wa mfanyakazi wa duka iwe hasara ya duka. Mkataba na mtu wa hapa uandikwe kwa Kiswahili. Hata kabla ya kanuni mpya kuna njia ya karibu: ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, ndio wenye Michenzani Mall, na mwenye nyumba anaweza kumwekea mpangaji masharti. Fedha za jengo lile ni za wafanyakazi wa Zanzibar. Sharti kwamba duka litakalopanga humo liwalipe wazalishaji wadogo kwa wakati halivunji sheria yoyote.

Naijua hofu iliyopo: maduka yakibanwa yatawaacha wadogo na kubaki na wakubwa. Baadhi yatafanya hivyo. Lakini duka linalomhitaji mzalishaji kwa sharti kwamba asilipwe linahitaji mkopo wake tu, achari hailihusu, na ni bora alijue hilo mapema akiwa bado ana mapipa.

Katika nchi hii sihitaji kwenda Kenya wala Ulaya kutafuta hoja. Sote tumefundishwa kwenye chuo cha Qur'ani kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema tajiri kuchelewesha kulipa deni ni dhulma. Tumefundishwa pia kwamba Qur'ani imeamrisha deni la muda liandikwe. Wenye maduka wengi ni watu wa dini, wanafutarisha, wanajenga misikiti. Wengi wao, naamini kwa dhati, hawajawahi kuliona deni la mama wa achari kuwa ni deni. Kwao ni ankara iliyo kwenye faili, na faili iko kwa mhasibu.

Kwa upande wetu tumebadilisha tunayoyaweza. Supamaketi haipati zaidi ya robo ya achari ya mwaka. Mzigo wa tatu hautoki mpaka wa kwanza uwe umelipwa. Sharti hilo limetugharimu. Duka moja lilituambia rafu itajazwa na mwengine, na kweli ikajazwa. Robo tatu zilizobaki zinakwenda kwenye maduka 14 ya mitaani, Wete, Chake, Mwanakwerekwe na Bububu, na jiko la hoteli moja ya Nungwi ambayo mpishi wake hutuma pesa kwa simu kabla boti haijafunga gati. Maduka hayo hayana viyoyozi. Yanachukua chupa sita, kumi, yanalipa, yanaita tena. Nauli ya kuyazungukia ni kubwa na miguu inachoka, lakini pesa inarudi Wete ndani ya wiki, na daftari langu linasomeka.

Wiki iliyopita nilimpigia shangazi kumjulia hali. Embe zimeanza. Nikamuuliza mapipa mangapi mwaka huu, akaniambia matatu. Ankara mbili za Oktoba bado ziko kwa mhasibu, na kila nikienda naambiwa nije Alkhamisi. Mwembe wa jirani, ambao yeye aliuwekea ahadi tangu ulipokuwa maua, ameukosa. Mwenye mwembe ana mgonjwa, alitaka taslimu, na asubuhi ile embe zote zilikuwa zimeshapakiwa kwenye jahazi la mchuuzi wa Mombasa.